Nepi ya Akiba

"Rula. Kiti kimebebwa."

Sauti ya Dawati, mkuu wake wa zamu, ilipenya kwenye kifaa cha sikio la kushoto.

Rula alitazama Casio yake. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kifuani, ndani ya mbeleko yenye vifungo, mpwa wake wa miezi minane, aliyemwazima kwa mama yake asubuhi ili aonekane mzazi, alikuwa akikodolea macho kiti cha waya.

Ghorofa hiyo ya makumbusho ya ubunifu ilikuwa na viti mia mbili na kumi. Hakuna hata kimoja cha kukalia.

Chini ya kimojawapo, fundi wa makumbusho alikuwa ameficha bamba la chuma la kuchapia pasipoti. Lilikuwa na ukubwa wa daftari, na kwenye redio liliitwa "kiti". Kama lingevuka mpaka, kila jambazi mwenye fedha angekuwa raia. Fundi alikamatwa jana na kusema alichokijua: mchukuaji angekuja na kigari cha mtoto. Sura yake hakuijua. Na sasa kamera zilikuwa zimekatwa nyaya.

Ukumbini palikuwa na vigari vitatu. Vyote vimefunikwa.

"Dawati, kuna milango mitatu, nasi tuna magari mawili."

"Najua kuhesabu."

"Tukiwapekua wote, mwenye bamba atatoa bastola kabla hatujamfikia. Humu mna watoto. Nawasogelea mmoja mmoja."



"Unakijua kifungu cha kumi na saba."

"Najua kusoma."

Kifungu kilikuwa kifupi. Ndugu wa ofisa akionekana usoni na mshukiwa, ofisa hakanyagi tena kwa ndugu huyo hadi jalada lifungwe. Jalada la mwisho lilichukua miaka sita. Ndiyo maana agizo la leo lilikuwa kutazama kwa mbali tu.

Rula alikuwa na ndugu mmoja duniani, mdogo wake wa kike, na huyu mtoto wake. Aliwatembelea Jumapili moja kwa mwezi. Jumapili nyingine alipiga pasi.

Alikisogelea kigari cha bluu.

"Samahani ndugu, una nepi ya akiba? Huyu ameniumbua."

Baba yule alikuwa amefungua begi kabla sentensi haijaisha. Akaongeza na vitambaa vya kupangusia.

Kigari chekundu. Mama alipekua begi hadi chini, akakosa, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Kisha akamsuta: "Na wewe baba, unatokaje nyumbani mikono mitupu?"

Kigari cha kijani. Mwanamume mwenye koti la kitani.

"Zimeisha," alisema.

Begi hakuligusa.

Mzazi hufungua begi kwanza, hata akijua hamna kitu.

Rula alishukuru. Akigeuka, ncha ya kiatu chake ilibonyeza breki ya gurudumu.

"Kijani," alinong'ona.

Mwenye koti aliona midomo yake ikicheza. Akasukuma kigari. Hakikwenda. Akasukuma tena, kwa nguvu. Hakutazama chini, hakuwahi kuwa na haja ya kujua breki iko wapi. Mara ya tatu kigari kilipinduka. Mwanasesere akabiringika. Bamba likagonga vigae, ukumbi mzima ukageuka.

Mkono uliingia ndani ya koti. Rula alikwishageuka, mgongo kwa bastola, mtoto upande wa ukuta.

Bastola, Walther, haikutoka. Wahudumu wawili wa ukumbi, ambao hawakuwa wahudumu, walikuwa wameshika viwiko vya mwenye koti.

Kabla hajaondolewa, mtu yule alimtazama mtoto. Kwa utulivu, kama anayesoma anwani.

"Rula, mmeonekana?"

"Wote wawili."

"Mrudishe. Ndege yako saa tisa."

Dada yake alikuwa dukani kwake, akikaza skrubu ya miwani ya mteja. Rula alimwambia kampuni inampeleka mbali kutengeneza lifti. Leo hii.

"Mpaka lini, kaka?"

"Mpaka kazi iishe."

"Huyu akianza kuongea nitamwambia mjomba ni picha ya ukutani."

Alicheka. Kisha hakucheka.

"Utapiga simu, lakini?"

"Huko mtandao ni mbovu."

Mtoto alikuwa amelala. Rula alimhamisha mikononi mwa mama yake bila kumwamsha, akatoka.

Alisubiri taa ya barabarani kwenye kona. Alijikuta akiyumba polepole, mguu huu, mguu ule, mikono mitupu.

Akaacha.

Taa ikawaka. Akavuka.