Nukta ya Kaburi la Masatu

Wewe unayenisikiliza, ukimpenda mjane, yule marehemu wake utamweka wapi?

Mimi nilikuwaga mjane bado kijana, huku Bunda, mwaka ule tuliotakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Mahame yetu yote yangelimwa pamba ya pamoja. Akaja mpima ardhi kutoka Musoma, Lukas, shati la kaki, mnyororo wa kupimia begani. Alikuja kupima shamba, akaanza na uji wangu.

Jioni moja alinitandikia ramani juu ya kigoda.

"Mstari huu wa nje ndio mpaka," alisema. "Ndani nakata pembetatu, pembetatu, mpaka shamba lote liishe. Pembetatu ukishapima pande zake, haikudanganyi."

"Na pale pasipolimika?"

"Nazungushia mstari mpaka ukutane. Halafu katikati naweka nukta. Nukta ndiyo inayosema hapa ni tundu, msiingie. Ona, mwamba. Ona, kisima."

"Na Masatu?"

Masatu ni mume wangu, alilala nyuma ya zizi, chini ya mawe niliyoyapanga mwenyewe, mti wa mnyaa umepandwa kichwani. Kila asubuhi nilipita kummwagia maji kidogo na kumwambia ng'ombe yupi amezaa.

"Na yeye nitamzungushia," alisema. "Ila Nyamburi, tukioana utahamia kwangu Kitaji, kule Musoma. Huko utakuwa unamsalimia nani?"

"Nitakuja na basi."

Mama mkwe wangu, Wegesa, akacheka huko jikoni. "Bwana mpima, unamwonea wivu mtu asiyekula?"

Tukacheka wote. Lukas alichelewa kucheka.

Siku ya trekta nilikuwa kisimani. Niliposikia mngurumo umefika zizini, nikaacha ndoo. Nikakuta mawe yamepinduliwa, mnyaa umekatika, maziwa yake yanadondokea udongo mpya.

"Bernado, umefanya nini?"

Dereva akashuka kwenye trekta, kofia mkononi, akanionyesha ramani.

"Angalia mwenyewe, mama. Mwamba una nukta, nimeukwepa. Kisima kina nukta. Mviringo huu hauna. Bila nukta ni shamba tu, na pembetatu zimepita juu yake. Nikajua mmeshamhamisha."

Lukas alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilisahau," alisema.

"Kisima hukukisahau."

"Nyamburi..."

"Mwamba hukuusahau. Jiwe tu, halina mtu."

Akakaa chini kwenye matuta na suruali yake ya pasi.

"Sikusahau. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Nilitaka usiwe na pa kurudi. Nilitaka uwe wangu mzima."

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuokota mawe, anayaweka kwenye kanga yake. Nikapiga magoti nikamsaidia. Lukas naye akanyoosha mkono.

"Acha," nilimwambia.

"Basi niambie wewe ulitaka nini. Ningefanya."

Nilipangusa udongo kwenye jiwe la kichwani, taratibu, mpaka likawa safi. Neno lile nilikuwa nimelitunza tangu ile jioni ya ramani, nikisubiri aniulize.

"Nilitaka asubuhi moja tuje hapa wote, wewe umebeba maji. Umwambie jina lako. Mimi nimwage, nimuage, halafu nipande basi la Musoma na wewe, nisigeuke tena nyuma."