Kofia ya Nyaya na Msusi wa Liberdade

Ijumaa ile soko la São Joaquim lilifurika hata nzi walikuwa wakipanga foleni. Edleusa alikuwa amevaa nyeupe tupu, kama desturi ya Ijumaa ya mji ule inavyotaka: kilemba cheupe, ndala nyeupe, na gauni la pamba lililopigwa pasi mpaka pindo lake lingeweza kukata mkate. Alikuwa ameinama anachagua kamba wakavu, mara jamaa mmoja mrefu, mwenye nywele kama kichaka ambacho manispaa imesahau kukifyeka, akajikwaa kwenye kreti ya ndizi na kummwagia kifuani kopo zima la jeli ya buluu.

"We bwana! Hayo ni macho au matundu?"

"Samahani, dada. Haina madhara, ni ya kichwani tu."

"Ya kichwani? Basi kichwa chako kimehamia kifuani kwangu!"

Wachuuzi waliangua kicheko. Yule bwana alipiga magoti akaokota kofia ya kitambaa yenye nyaya sitini, zinaning'inia kama pweza aliyekufa kwa aibu.

"Na hilo nini? Uchawi?"

"Kofia ya kupimia ubongo. Imeshonoka, naipeleka kwa fundi cherehani." Akasimama. "Daktari Otoniel Sacramento. Napima vichwa vya vijana wahalifu kule chuoni."

"Edleusa. Nasuka vichwa vya watu mtaa wa Liberdade. Na gauni hili, mfalme wangu, utalifua mwenyewe. Kwa mikono."

Alilifua. Alilirudisha Jumapili likiwa na alama ya pasi mgongoni, umbo la mtumbwi, na Edleusa alimtukana kwa dakika kumi bila kurudia neno. Siku ya pili yake Otoniel alirudi kusikiliza mengine. Mwezi haujaisha, mtaa mzima ulijua kwamba daktari anakula pilipili za Edleusa huku machozi yanamtoka, na bado anaomba aongezwe.

"Umekula?" Otoniel alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Nimekula. Umepasua kichwa cha nani leo?"

"Sipasui, mpenzi. Nasikiliza."

"Basi sikiliza changu. Kinasema uje na samaki, na usije na harufu ya jeli."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anavishwa kofia, anakalishwa mbele ya skrini. Duara la kijani likitokea, bonyeza. Jekundu likitokea, zuia mkono. Kofia inachora wimbi la ubongo wakati mkono unapozuiwa. Kwa wanafunzi wa vyuo wimbi lilitambaa kama konokono. Kwa vijana walioletwa kutoka nyumba ya marekebisho lilipanda kama mlima. Profesa Quitéria Bulcão, mkuu wa maabara, mwanamke mwenye shingo ndefu na subira fupi, alikwisha kutangaza kwamba wimbi la juu ni dalili ya ubongo wenye moto, ubongo ambao mkono wake hutangulia akili. Jumanne iliyokuwa inakuja ripoti ingesomwa mbele ya mahakimu wa vijana. Arobaini na mmoja wenye wimbi la juu wangebaki ndani miaka mitatu kamili. Na Otoniel angepewa kiti cha naibu wa Profesa.

"Nimepungukiwa na mtu mmoja tu kwenye kundi la waadilifu, wale wasio na kesi," alimwambia Edleusa Jumatano, mwezi wa nne wa mapenzi yao. "Njoo ukae dakika ishirini."

"Mimi mwadilifu? Nani kakwambia?"

Alikwenda akiwa amesuka twende kilioni, mistari imenyooka kama reli, ngozi ya kichwa inang'aa katikati yake. Alicheza ule mchezo bila kukosea hata duara moja. Alipogeuka kujisifu, alimwona Otoniel ameganda. Kwenye skrini wimbi lake lilikuwa mlima, tena mlima wenye kilele.

Hapo mkono wa kulia wa Otoniel ukatambaa juu ya meza, taratibu, kama wa mtu anayefukuza nzi. Ukachukua pochi yake mwenyewe na kuitia mfukoni.

"Umefanya nini?" Edleusa aliuliza.

"Nini?"

"Mkono wako!"

Otoniel aliutazama kama wa mtu mwingine. "Sikukusudia. Umekwenda wenyewe."

"Umekwenda wenyewe. Si ndicho mnachowafungia wenzenu?"

"Edleusa, tulia. Hebu nikuulize tu. Ulipokuwa mdogo... uliwahi kushikwa na polisi?"

Edleusa aliivua ile kofia, jeli inamchuruzika shingoni. "Sijawahi kuiba hata pini, na pini ndiyo kazi yangu! Miezi minne unakula kwangu, unalala kwangu. Leo umetazama mstari kwenye kioo umenifichia pochi!"

"Mpenzi—"

"Mpenzi wako mstari. Kaishi nao."

Alhamisi simu ya Edleusa ililia mara kumi na tisa. Ya ishirini aliipokea.

"Naomba unisamehe."

"Shika pochi yako kwanza, isije ikapotelea kwenye simu."

Akakata. Ijumaa akapokea tena, makusudi, ili apate kukata tena.

Jumamosi saluni, alikuwa anampaka mafuta mteja mwenye nywele nzito zisizopenywa hata na shutuma. "Binti," mteja alilalamika, "mafuta yote yanaishia kwenye nywele. Ngozini hayafiki."

Mkono wa Edleusa ulisimama hewani. Alifuta vidole kwenye aproni, akapiga simu yeye.

"Sijakusamehe. Nijibu tu. Hao vijana wa nyumba ya marekebisho wana nywele?"

"Hapana. Siku ya kuingia wananyolewa kipara."

"Na wanafunzi?"

"Wote wamefuga, ndiyo mtindo."

"Kofia yenu ina taa ya kuonyesha kama vile vyuma vya ncha za nyaya vimegusa ngozi?"

"Ipo. Nyekundu maana yake havijagusa vizuri. Kwa wanafunzi inawaka kila siku, tumeshaizoea."

"Kwangu iliwaka?"

"Haikuwaka."

"Kichwa changu kina njia ishirini zilizo wazi. Mashine yenu haisomi dhambi, daktari. Inasoma kinyozi."

"Haiwezekani. Miaka mitatu ya utafiti, Edleusa!"

"Kichwa chako umeshakipima?"

"Nilikuwa wa kwanza. Mwadilifu kabisa."

"Na kichaka hicho! Njoo hapa."

Alimkalisha kwenye kiti bila kumsalimia. Hakumbusu, hakumpa hata maji. Alimnyoa kwa mashine, kisha kwa wembe, na kila akigeuza kichwa chake alikigeuza kama nazi ya kununua.

"Pole pole, unanikata."

"Ningetaka kukukata ungejua."

Zilianguka nywele za kujaza magodoro mawili na mto, wanaojua wanasema. Jioni hiyohiyo walifungua maabara. Otoniel alivaa kofia, taa nyekundu haikuwaka, na wimbi lake likapanda mpaka likagonga ukingo wa juu wa skrini.

Edleusa alimwinamia. "Ulipokuwa mdogo, uliwahi kushikwa?"

Otoniel alijifunika uso kwa viganja. Baadaye alimpigia Profesa, na sauti ya Profesa ilitoka kwenye simu kali kama siki: "Kipara kimoja si utafiti! Ripoti inasomwa Jumanne. Marekebisho tutafanya mwakani."

Otoniel aliweka simu chini. "Nikipinga, nafukuzwa. Labda nikishakuwa naibu, nitakuwa na nguvu ya kurekebisha kutoka ndani..."

"Ndani wapo arobaini na mmoja tayari," Edleusa alisema. "Sikuombi unipende, Otoniel. Nakuomba Jumanne useme. Usiposema, usinipigie. Na ukisema, vilevile usidhani nimeshapoa."

Jumanne Edleusa alikaa kiti cha nyuma kabisa, gauni jekundu, mikono imefungwa kifuani, uso wa mdai. Profesa alisoma ripoti kwa saa nzima, milima kwa mabonde. Alipomkaribisha msaidizi wake aongeze neno, Otoniel alisimama, kipara kinang'aa chini ya taa, karatasi mkononi.

"Waheshimiwa, hii ripoti ni ya nywele," alisema. "Tulilinganisha vijana walionyolewa na vijana wenye nywele nyingi. Vyuma vilifika kwenye ngozi kwa wale wa kipara, kwa hawa wa nywele havikufika. Mimi mwenyewe nilikuwa mwadilifu mpaka Jumamosi."

"Amepagawa na mwanamke!" Profesa alifoka.

"Nimenyolewa na mwanamke, Profesa. Jedwali la vipimo vyangu viwili hili hapa. Na hii ni orodha ya taa nyekundu, siku kwa siku, tangu mwaka wa kwanza. Niliiandika mimi. Niliiona, nikanyamaza."

Hakimu mkuu, bibi mwenye nywele za mvi zilizotuna kama wingu, alizipapasa kidogo. "Mimi je, ningekuwa kundi gani?"

"Mwadilifu, mheshimiwa. Hadi unyoe."

Ukumbi ulilipuka. Bibi hakucheka. Aliisoma ile orodha ukurasa kwa ukurasa, kisha akaisukuma ripoti mpaka ukingoni mwa meza. "Haitasomwa tena katika mahakama hii. Kila kijana atasikilizwa kwa aliyotenda, tukianza kesho asubuhi."

Profesa alipita karibu na Otoniel bila kumtazama. "Funguo mezani kwangu kabla ya saa sita."

Otoniel alimkuta Edleusa kwenye ngazi za nje. Jua la saa tano lilikuwa linamchoma kipara.

"Umesikia?"

"Nina masikio."

"Sina kazi."

"Nimesikia hilo pia."

"Ule mkono, Edleusa. Hata nikisema ulikwenda wenyewe, ni wangu. Nitakaa na hiyo aibu. Lakini nataka kukaa nayo karibu na wewe. Olewa na mimi."

Edleusa alimtazama kuanzia viatu hadi utosini, akashikwa na kitu kilichotaka kuwa kicheko akakibana kwa meno. "Mwanamume hana kazi, hana hata unywele mmoja, ananichumbia kwenye ngazi za mahakama!"

"Nijibu basi."

"Nitakujibu nywele zikifika urefu wa kusukwa."

"Hiyo ni miezi sita!"

"Saba. Za kwako ni kaidi."

"Na miezi yote hiyo tutafanya nini?"

Edleusa alifungua mwavuli wake, akashuka ngazi mbili, akasimama. Hakugeuka, lakini aliuinua mwavuli juu kidogo, na kuuegemeza upande, ukabaki na nafasi ya kichwa cha pili.

"Wewe utaniomba msamaha," alisema, "na mimi nitakuwa nimekasirika. Haya, twende, utaungua."