Benchi la Mlango wa Kutokea

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alishika njia ya peke yake. Wenzake waligeuka kushoto makundi kwa makundi, wakisukumana na kuitana. Yeye aligeuka kulia, akapita karakana ya baiskeli na duka la vitambaa, mpaka kwenye jumba la sinema ambako mama yake alifanya kazi ya usafi. Walikuwa wamehamia mji huo muhula ule ule, na shuleni jina lake lilikuwa bado halijamkaa mtu mdomoni. Walimwita Mgeni, basi. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Afadhali ungekuwa ubaya, maana anayekuchokoza angalau amekuona.

Pale sinemani alikuwa na mahali pake: benchi la mbao kwenye korido, kando ya mlango wa kutokea. Hapo alifanya kazi za shule na kula kipande chake cha mkate. Kuingia ndani ilikuwa mwiko. Msimamizi alishasema kwamba watoto wa wafanyakazi wasionekane ukumbini bila tiketi, na mama yake hakuwa mtu wa kupindisha maneno ya kazi.

"Ukumbi si wetu," alizoea kusema. "Wetu ni ufagio."

Baina ya onyesho moja na jingine, mama alipita safu kwa safu, akiinua viti, akifagia bisi zilizomwagika na kuokota chupa. Vitu vilivyosahaulika chini ya viti, kama mtandio, funguo au kiatu cha mtoto, alivipeleka kwenye sanduku lililokaa karibu na dirisha la tiketi, ili wenyewe wakirudi wavikute. Siku moja Mgeni aliuvaa mtandio wa njano uliookotwa humo, akaenda kujitazama kwenye kioo cha chooni. Mama akamvua taratibu. "Umekupendeza kweli," alimwambia, "lakini una mwenyewe."

Juma moja iliingia filamu mpya, na mji mzima uliizungumzia. Hadithi yenyewe kila mtoto aliijua tangu hajaota meno ya pili: wakati wa kiangazi, fisi anakikalia kisima na kuwanyima watoto maji, mpaka watoto wanaungana na kumtimua kwa kelele za masufuria. Bibi yake Mgeni alikuwa akimsimulia hadithi hiyo jikoni, na wakifika mwisho walikuwa wakigonga vifuniko wote wawili mpaka jirani apige hodi kuuliza kumetokea nini. Bibi alibaki kule walikotoka. Siku hizi vifuniko vilikaa tu juu ya sufuria zake.

Filamu hiyo, watu walisema, ilikuwa imeigeuza hadithi chini juu. Kwenye bango la mlangoni fisi alichorwa amekaa peke yake kando ya kisima, ameupa mgongo ulimwengu. Mgeni alilitazama kila alipoingia. Alimwonea huruma fisi yule, na hakujua kwa nini.

Kutoka kwenye benchi alisikia vipande vipande tu. Yalisikika masufuria, kelele nyingi, kisha kimya kirefu, kisha muziki wa polepole. Halafu mlango ulifunguliwa, na watu wakatoka na nyuso zao. Babu mmoja mwenye fimbo alisema kwa hasira kwamba wameharibu hadithi ya wazee, fisi ni fisi. Vijana wawili walicheka mpaka wakaegemea ukuta, wakiigiza jinsi fisi alivyoteleza kwenye tope. Mume na mke walibishana tangu mlangoni hadi barabarani. Wengi walitoka na macho mekundu, wakijifanya kutafuta simu mifukoni. Hakuna aliyemsemesha msichana wa kwenye benchi, lakini alijua kila mmoja amesema nini.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, wenzake walikaa kwenye ngazi wakiizungumzia filamu hiyo. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Redio, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu alianza kusema asubuhi na kuzimwa na kengele ya kwenda nyumbani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona. Mgeni alikuwa amesimama karibu na nguzo, kama kawaida yake.

"Mimi nimeiona," alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Redio aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza macho yale kutua usoni pake. "Kweli? Ikoje?"

Mgeni akamkumbuka babu mwenye fimbo. "Wameharibu hadithi ya wazee," alisema. "Fisi ni fisi."

Walicheka, wakapenda, wakasogea. Kwenye ngazi pakapatikana nafasi, na Mgeni akakaa katikati ya watu. Bega la Redio liligusana na lake. Hakuwa amekaa hivyo tangu ahame, na siku nzima alilihisi bega lile.

Basi akaendelea. Kwa mvulana mmoja aliyedaka mpira wa darasa, waliyemwita Kipa, alitumia kicheko cha wale vijana wa ukutani, akamwonyesha fisi akiteleza kwenye tope mpaka Kipa akashika mbavu. Kwa msichana mpole wa dawati la mbele alisema kwamba alilia sana, akatafuta simu ambayo hakuwa nayo. Kila mtu alipewa alichokipenda. Redio na Kipa walipolinganisha maneno na kumwuliza imekuwaje filamu moja imemkasirisha na kumchekesha, alijibu kwamba ile filamu ina kila kitu. Wakaridhika, ila Redio alitaka kujua zaidi.

"Na mwisho wake?" aliuliza.

Mgeni alifikiri. Masufuria, kimya, muziki wa polepole, macho mekundu mlangoni. Aliona jibu ni moja tu. "Fisi anakufa," alisema.

Redio alikuwa na mdogo wake wa darasa la kwanza, ambaye alimpenda fisi huyo wa kwenye bango kiasi cha kumchora kwenye kila karatasi ya nyumbani. Baba yao alikuwa ameahidi kuwapeleka Jumapili, na tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Redio hakuwa mtu wa kukaa na habari. Mtoto aliposikia kwamba fisi anakufa, alilia mpaka akatapika, akagoma kwenda. Baba akaenda na Redio peke yake, mtoto akabaki nyumbani na shangazi.

Jumatatu, Redio hakuwa na sauti. Alisubiri mpaka wote walipokaa kwenye ngazi.

"Fisi hafi," alisema, akimtazama Mgeni. "Nimekaa pale mpaka mwisho nikisubiri afe. Hafi. Wewe hukuiona kabisa."



"Mdogo wangu alikuwa akihesabu siku za kwenda," Redio akaendelea. "Umemnyang'anya kwa uongo."

Kipa alisema labda Mgeni aliiona ndotoni, na ndoto haina tiketi. Baadhi walicheka kidogo. Kisha wakainuka wakahamia ngazi ya upande wa pili, Mgeni akabaki peke yake mahali ambapo juma lililopita palikuwa hapatoshi. Ilimuuma kuliko zamani. Zamani hawakumjua, sasa walimjua, na ndiyo maana walimpa kisogo.

Alasiri hiyo, kwenye benchi, masufuria yalipoanza kulia nyuma ya mlango, Mgeni alitia vidole masikioni. Mama yake alipita na ndoo, akamwona, akarudi. Akaiweka ndoo chini na kuketi kando yake, yeye ambaye hakuwahi kuketi akiwa kazini. Mgeni akamweleza yote, tangu babu mwenye fimbo mpaka mtoto aliyetapika. Alitaka kulia lakini aliona haya.

Mama hakumgombeza. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa tiketi iliyokunjwa. Kila mwezi mfanyakazi alipewa moja. Ukumbi ule aliufagia kila siku, na filamu yenyewe hakuwa ameiona.

"Nilijiwekea," alisema. "Sasa chukua. Leo hujakatazwa na mtu. Nenda ukakae kwenye kiti."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitasubiri hapa mlangoni. Leo wewe ndiye wa kutoka."

Ukumbini watu walikuwa wachache. Mgeni alichagua kiti cha katikati, taa zikazimwa, na hatimaye akamwona fisi akiwa mzima, anatembea. Kumbe ndani ya kisima kulikuwa na mzoga, na maji yalikuwa yameharibika. Fisi alijua, lakini hakuwa na maneno ya kuwaambia watoto, kwa hiyo aliwafukuza kwa njia aliyoijua. Watoto wakaja na masufuria. Kisha kikafika kile kimya kirefu ambacho Mgeni alikuwa amekiita kifo. Katika kimya hicho, msichana mmoja aliweka kifuniko chake chini, akaenda kuketi kando ya fisi. Hayo tu. Watu wakaanza kuvuta pumzi kwa pua, huku na huku gizani.

Macho ya Mgeni yalikuwa makavu. Yeye alikuwa ameshalia mapema, mahali ambapo hakuna mwingine aliyelia. Mle ndani ya filamu ilikuwa jioni, watoto wanacheza mbali, na fisi anawasikia. Anasimama. Anatega masikio, anapiga hatua mbili kuelekea kwao, halafu anarudi na kukaa pale pale alipokuwa. Hapakuwa na muziki wala sauti yoyote. Mtu wa kwenye benchi asingeweza kuisikia sehemu ile hata angekaa pale mwaka mzima.

Mlango ulipofunguliwa, mama alikuwa amesimama na ufagio wake. "Enhe," alisema, "umeionaje?"

Maneno ya babu mwenye fimbo yalimjia kwanza, akayameza. Yakaja ya wale vijana, nayo akayaacha yapite. Kisha akasema polepole kwamba fisi alitaka kucheza na akaogopa, na kwamba yeye anajua ilivyo. Mama alimtazama, akamfuta uso kwa ncha ya aproni.

"Kesho utamwambia mwenzako ukweli," alisema. "Na yule mdogo wake umwambie wewe mwenyewe."

Asubuhi Mgeni alipiga moyo konde, akawangoja kwenye lango la shule. Redio alikuja amemshika mdogo wake mkono. Mgeni alisema kwamba alidanganya, hakuwa ameiona, na maneno yote yalikuwa ya watu aliowasikia wakitoka. Redio alikunja mikono. Mtoto ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo fisi hafi?"

"Hafi. Jana nimemwona kwa macho yangu. Masufuria yakianza, ziba masikio, hayachukui muda. Kisha kutakuwa kimya. Hapo usiogope, kuna mtu anakuja."

Mtoto alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali. Redio bado alikuwa amekunja mikono, lakini sauti ilikuwa imeanza kumrudia.

"Ungesema tu kwamba hujaiona," alisema. "Hata sisi hatukuwa tumeiona. Tungekaa wote tukangoja."

Mgeni hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Lilimkaa kifuani siku nzima.

Jumamosi mama alikuwa na zamu, naye Mgeni alikuwa kwenye benchi lake. Mlango ulipofunguliwa, alitoka mtoto mdogo mbio, nyuma yake Redio na baba yao. "Alikuja mtu," mtoto alimwambia Mgeni kwa kunong'ona, kama siri. Baba akaenda naye kutazama bango. Redio alisimama kidogo, kisha akaketi kwenye benchi.

"Haya, na wewe," aliuliza, "wewe mwenyewe, sehemu gani ilikugusa?"

Mgeni akamweleza zile hatua mbili. Redio alisikiliza mpaka mwisho bila kutia neno, jambo ambalo darasa zima lisingeamini.

"Pale nadhani nilikuwa nimeinama natafuta bisi zangu," alisema hatimaye. "Mara zote mbili." Kisha akauliza, "Jina lako hasa ni nani?"

Msichana alimwambia. Redio alilitamka mara moja, taratibu, ili limkae mdomoni.

Mama alitoka ukumbini na ufagio kwapani, mikononi amebeba mtandio na kofia vilivyosahaulika. Alikuwa amesikia. Aliwatazama wote wawili.

"Maneno ya watu ni kama hivi vitu, wanangu," alisema. "Ukivivaa vitakupendeza, lakini mwenyewe akija atakuvua mbele za watu. Kama hujaona, sema hujaona. Hakuna aibu hapo, na mara nyingine ndipo unapopata wa kwenda naye. Na ukishaona, sema ulichokiona wewe, hata kama ni kidogo, hata kama ni tofauti na cha wote. Hicho hakuna wa kukudai."

Kisha akaomba miguu iinuliwe, afagie. Redio akainua yake, na mwenzake akainua yake.

Jumatatu, baada ya kengele ya mwisho, wenzao waligeuka kushoto makundi kwa makundi. Wasichana wawili waligeuka kulia.