Sauti Ndani ya Kifaru

Mara ya kwanza mzinga wa kile kifaru ulipogeuka wenyewe, kila mmoja ndani ya nyumba ile alidhani ni utani wa mwenzake.

Kifaru chenyewe kilikuwa cha kuchezea, kama inafaa kuita mchezo kitu kinacholala mezani mwaka mzima kikifanyiwa upasuaji. Kilikuwa kifaru cha vita, urefu wake kama mkono kutoka kiwikoni, na kiliendeshwa kwa rimoti. Mwenye kifaru hicho alikuwa fundi lifti, na kwa sababu ya kitu hicho mtaa mzima ulimwita Kamanda. Alikinunua kikiwa plastiki tupu. Akang'oa minyororo ya plastiki inayozunguka magurudumu, akaweka ya chuma. Minyororo ya chuma ikawa mizito kwa mota, akabadilisha mota. Mota mpya ikasaga gia, akabadilisha gia. Halafu akaongeza kifaa cha moshi, kijitungi cha mafuta kinachopashwa moto na waya, ili kikinguruma kitoe moshi nyuma kama cha kweli. Mwisho akakipaka rangi nzuri, kisha akakaa jioni kadhaa akiichafua kwa makusudi, tope la uongo hapa, kutu ya uongo pale.

"Nguo zako za kazi zina tope la kweli," mkewe alimwambia, "na hujawahi kuzihangaikia hivyo."

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na karakana ya mumewe ilikuwa chumba cha nyuma, mlango mmoja katikati. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa wameshaacha kulizungumza jambo hilo.

Kilichokuwa kimebaki ni mngurumo. Spika iliyokuja na kifaru ililia kama nzi ndani ya chupa. Basi ikatokea Kamanda akatumwa kazini kung'oa lifti kwenye jengo la zamani lililokuwa linavunjwa, na kwenye rundo la vyuma vya kutupwa akaona spika ndogo ya ukutani, ile ambayo mtu akikwama ndani ya lifti hubonyeza kitufe akaongea na mlinzi chini. Msimamizi akamwambia achukue tu, itamsaidia nini yeye. Ilikaa tumboni mwa kifaru kama iliyopimiwa. Alipokiwasha mara ya kwanza, mngurumo ulikuwa mzito hata mikasi ya saluni ikatetemeka kwenye sahani yake, naye akacheka peke yake kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata aliuacha mzinga umetazama dirisha, akaenda kuoga. Aliporudi ulikuwa umetazama mlango wa saluni.

"Umegusa kifaru changu?"

"Nina kichwa cha mtu mkononi," mkewe alijibu kutoka upande wa pili. "Nitagusa kifaru chako kwa mguu?"

Wa kushukiwa wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori la zege, ambaye walimwita Breki. Yeye pia alikuwa na kifaru na rimoti, na ndiye aliyemwambukiza Kamanda ugonjwa huo. Alipokuja mchana, Kamanda alimpekua kwa macho kabla hata ya salamu.

"Unakiendesha changu ukiwa nje barabarani?"

"Shemeji, nitakiendeshaje? Betri yako si hiyo hapo kwenye chaja?"

Kamanda akatazama. Ni kweli, betri ilikuwa kwenye chaja. Ilikuwa hapo tangu asubuhi.

Walikubaliana kwamba meza imeinama, mzinga umeteleza. Hakuna aliyechukua kipimo kuipima meza.

Baada ya hapo ikaja harufu. Mafuta ya moshi hunuka kidogo kama mshumaa uliozimwa, si harufu mbaya. Sasa chumba cha nyuma kilianza kunuka kitu kingine, jasho na nguo mbichi na pumzi, kama watu wengi wamefungiwa mahali padogo kwa muda mrefu. Kamanda akafungua dirisha. Mkewe akanusa mashati yake, na katika kunusa huko akaanza kufikiria mambo ambayo hakuwa ameyafikiria, kwa sababu mwanamke anayenusa mashati ya mumewe hatafuti harufu moja tu.

Siku moja mchana, saluni ikiwa haina mteja, alikuwa anafagia nywele karibu na ule mlango wa katikati. Akamsikia mumewe akiongea ndani. Aliongea polepole, kwa upole ambao yeye alikuwa ameusahau.

"Usilie," sauti ya mumewe ilisema. "Mwambie mtoto nakuja."

Fagio likasimama. Akausukuma mlango. Mumewe alikuwa ameiinamia meza, bisibisi mdomoni, ametega sikio karibu na kifaru, na uso wake ulikuwa umebadilika kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Unaongea na nani?"

Akaitoa bisibisi mdomoni. "Mimi niongee na nani? Wewe ndiye ulikuwa unaongea. Nani alikuwa saluni?"

"Hakuna mtu saluni."

"Nimekusikia."

"Na mimi nimekusikia."

Wakatazamana. Hakuna aliyemwambia mwenzake alichosikia. Ungekuwa upuuzi mwingine wangecheka. Huu kila mmoja aliuficha kama ushahidi, akingoja kuuongezea mwingine.

Kamanda alichokuwa amekisikia, kutoka ndani ya kifaru kisicho na betri, ni sauti ya mkewe ikicheka chinichini na kusema: "Chumba kimoja kinanitosha. Yeye hashuku chochote." Alijiambia kwamba spika imenasa maongezi ya simu. Yeye ni fundi, alijua spika mbovu hunasa mambo. Kwa hiyo hakukiogopa kifaru. Alimwogopa mkewe.

Nyumba ikawa ya watu wawili wanaoviziana. Simu zikaanza kulazwa kifudifudi. Mke akitoka dukani, mume alikuwa mlangoni kuuliza mbona amechelewa. Mume akisema lifti ya hospitali imekwama, mke alimpigia Breki kumwomba apite na lori lake hospitali aone kama gari la kazi la shemeji lipo. Na kila mchana karakana iliongea. Ilikuwa inajua kumsubiri mmoja awe peke yake. Ilimpa mke sauti ya mumewe, ikampa mume sauti ya mkewe, neno mojamoja, haikuwa na haraka. Mteja mmoja wa siku nyingi alilalamika kwamba anasukwa kwa kuvutwa kama kamba ya mbuzi, akahama saluni.

Breki ndiye aliyechoka. Alikuja Jumapili, akawaita wote wawili karakanani, akafunga mlango.

"Dada, unamshuku mumeo. Shemeji, unamshuku dada yangu. Kila mmoja ananipigia mimi kwa siri, mimi nimekuwa ofisi ya upelelezi. Semeni mmesikia nini, na mmesikia wapi."

Mke akanyoosha kidole kwenye kifaru, na mume, bila kumwangalia, akanyoosha chake palepale.

Breki akashusha pumzi, karibu afurahi. "Spika. Inanasa simu za watu. Ndiyo hiyo imewatenganisha?" Akakigeuza kifaru, akafungua kifuniko cha chini kuwaonyesha. Nafasi ya betri ilikuwa tupu. Akachukua koleo, akakata waya mmoja wa spika, akakata wa pili, akairudisha spika mahali pake na kukiweka kifaru wima. "Sasa haiwezi kunasa hata mbu. Tusubiri."

Walisubiri. Ilikuwa mchana mweupe, nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli, na jua lilikuwa limelala juu ya meza, juu ya vikopo vya rangi na brashi zilizooshwa. Kisha kijitungi cha moshi, ambacho hakikuwa na umeme wala mafuta, kikatoa uzi mwembamba mweusi, na ile harufu ya watu waliofungiwa ikapanda ikajaa chumbani, na mzinga ukaanza kugeuka, taratibu, gia mpya zikilia moja baada ya nyingine kama meno ya mtu anayesaga usingizini, ukampita Breki, ukampita mke, ukasimama kifuani kwa Kamanda, na kutoka ndani ya spika iliyokatwa nyaya ikatoka sauti ya Kamanda mwenyewe, huku Kamanda amebana midomo yake mpaka imekuwa myeupe, ikisema kwa upole ule, "Usilie, mwambie mtoto nakuja," na kabla haijamaliza ikaingia sauti ya mke juu yake, ikicheka, "Chumba kimoja kinanitosha," naye mke alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, na nyuma ya sauti hizo mbili, mbali, kama chini ya shimo refu, kulikuwa na watu wengi wakigonga chuma na kuomba wafunguliwe.

Breki aliufungua mlango kwa bega. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alisahau tu kwamba una kitasa.

Mganga waliyemwita alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Hakuja na vitu vingi. Aliketi kwenye kiti cha saluni, akaomba kifaru kiletwe mbele yake juu ya stuli, na akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Kila kilichomo humu kimetoka wapi?"

Kamanda akamweleza. Minyororo, dukani. Mota, dukani. Gia, dukani. Spika, kwenye lifti ya jengo linalovunjwa.

"Lifti hiyo ilikuwa inafanya kazi?"

"Hapana, mama. Ilifungwa zamani. Wazee wa pale walisema mtu akikwama na kubonyeza kitufe, alijibiwa hata siku ambayo mlinzi hayupo."

"Alijibiwa nini?"

"Waliambiwa habari za nyumbani kwao."

Mganga akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jina la jirani. "Jini wa namna hii hatungi uongo, wanangu. Anachukua kitu mtu alichokifungia ndani, anakipinda, anakisema kwa sauti. Anapenda mahali palipofungwa. Nikimtoa humu atatafuta pengine. Kwa hiyo kabla sijamtoa, kila mmoja aseme aliyoyaficha. Asiposema, mimi simlazimishi. Lakini mlango atakuwa ameuacha yeye mwenyewe."

Mke akaanza. Alisema akitazama sakafu yenye nywele. "Nimetafuta chumba. Mtaa wa juu. Hakuna mwanaume. Nilikuwa nataka kuondoka, kwa sababu humu ndani nilikuwa naishi na mgongo wa mtu." Alilia, lakini si sana. "Nilishaongea na mwenye nyumba. Nilimwambia kimoja kinanitosha."

Kamanda alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Breki alisema baadaye kwamba hapo alidhani shemeji yake atapiga magoti.

"Na wewe, mwanangu?" mganga akauliza. "Habari ya mtoto?"

"Uongo mtupu," Kamanda akasema. "Mimi sina mtoto popote. Hilo limetungwa."

Mganga akamtazama juu ya miwani. "Nimekwambia hatungi."

"Sina, mama."

"Haya."

Akafanya kazi yake. Akaweka kiganja juu ya kifaru, akasoma maneno kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma moshi mweusi ulitoka na kurefuka, na stuli ikatetemeka, na kule mbali wale watu wakagonga chuma kwa nguvu zaidi, wakagonga mpaka vioo vya saluni vikaingia ukungu kana kwamba kuna watu wanapumua upande wa pili, halafu vikasafika mara moja. Harufu ikaisha. Spika ilipotolewa ilikuwa imepasuka katikati. Breki aliibeba kwenye lori lake na kuitupa ndani ya zege ya msingi wa ghorofa fulani. Hajawahi kusema ni lipi.

Kifaru kikabaki kimya, na nyumba ikapata nafuu. Mke alimpigia mwenye chumba akamwambia hatakuja. Kamanda alihamisha stuli yake, akawa anafanyia kazi saluni, uso kwa uso na mkewe, akimsimulia gia ipi inazungusha ipi, na mke alianza hata kumshikia taa. Walicheka. Yule mteja aliyehama akarudi.

Siku moja walikuwa mezani mchana, wawili tu. Mke alikuwa amepika kwa kuzidisha, kama kawaida yake siku ambazo moyo wake ni mweupe. Kamanda alikula vizuri, akasukuma sahani, akachukua glasi ya maji, akaiinua.

"Nikuongeze?" mke akauliza.

"Nimeshiba," sauti ya mumewe ikasema, kwa upole. "Kilichobaki nifungie. Nitampelekea mtoto."

Mke alikuwa ameshashika kijiko. Akainua macho. Glasi ilikuwa bado midomoni mwa mumewe, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, likimeza. Alikunywa mpaka mwisho, akaiweka glasi mezani, akajifuta mdomo, na macho yake hayakutoka usoni kwa mkewe. Yalikuwa yanatafuta kama amesikia.

"Umesema nini?" Kamanda akamuuliza.

"Sijasema kitu," mke akajibu, akatabasamu, na akaanza kufungia chakula.