Wadudu Wadogo wa Choroko

Fundi cherehani alikuwa na mdomo mwepesi kuliko sindano yake. Wifi yake alihamia kwao na gunia la choroko, likawekwa stoo kando ya gunia la kunde za mbegu. Miezi miwili baadaye, magunia yote mawili yalijaa punje zilizotoboka.

Wadudu wa kunde walikuwa wakubwa. Wa choroko walikuwa wadogo. Fundi akaamua kuwa hao wadogo ni wageni, nao ndio walioanza.

"Wifi, umetuletea balaa la huko ulikotoka," alisema mbele ya wateja watatu.

Usiku wifi alimwambia kaka yake, mume wa fundi, kwamba atatafuta pa kwenda.

Bibi shamba, afisa kilimo wa pale, alipokuja kupimwa sketi, fundi akamshtakia. Bibi shamba akaomba chupa. Alitia choroko safi pamoja na wadudu wakubwa wa kunde, akafunika kwa kitambaa, akasema wasubiri wiki tano.

Wiki ya tano wakatoka wadudu wadogo.

"Hawa ni watoto wa wale wakubwa," alisema bibi shamba. "Hukulia ndani ya punje. Punje ndogo, chakula kidogo, mwili mdogo. Tena wapo wadudu wa jamii mbili tofauti wanaozaana, watoto wakatoka na umbo la katikati. Usimhukumu mdudu kwa umbo tu, mama."

Kisha akauliza kunde zilitiwa gunia gani. Lilikuwa gunia la mwaka jana, na hakulikung'uta wala kulifua. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku hiyo walichagua punje nzima, wakazianika juani, wakazipepeta. Walizijaza kwenye madumu makavu mpaka juu na kukaza vifuniko, ili mdudu akose hewa.

Mume alimshauri fundi aombe radhi chumbani, kimya kimya. Fundi akakataa. Aliwaita wateja wale wale watatu.

"Wadudu walitoka kwenye gunia langu," alisema. "Nilikusingizia, wifi. Naona aibu. Nisamehe."

"Ulinifanya nijione mzigo kwa kaka yangu," wifi alisema. Kisha akaongeza, "Yameisha. Siku nyingine niulize kwanza."

Wifi hakuondoka. Msimu wa kupanda walifungua madumu, na hawakuona hata punje moja iliyotoboka. Mteja mmoja akazisifu mbegu za fundi.

"Si zangu," alisema fundi, macho chini. "Ni zetu, mimi na wifi."