Beseni la Kuku wa Riziki

Kitendawili! Mkulima wangu jembe lake liko miguuni, hulima kutwa nzima, na akishalima hapandi kitu. Ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Doha? Vizuri, nimeupokea. Nimekwenda Doha, nimekula tende, nimeshiba, na sasa nawaambia: ni kuku. Na kwa kuwa mji mmekwishanipa, sogeeni niwasimulie ya huko.

Mtaa wa Muaither, nyuma ya jumba lililogawanywa vyumba vya wapangaji, alikaa msichana wa miaka kumi na mmoja aitwaye Riziki. Baba yake, Bwana Vuai, mtu wa Unguja, alikuwa dereva. Mama yake, Bi Sharifa, alifuga kuku watano uani. Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya Riziki ilikuwa kuokota mayai, kuwatupia kuku chakula na kuwapa maji.

Mayai aliokota. Chakula alitupa. Maji, wapi! Banda lilikuwa chini ya kiyoyozi, na bomba lake jembamba lilidondosha maji ndani ya beseni la kuku, tone, tone, usiku na mchana. Wakati wote wa joto beseni lilijaa lenyewe. Mama akiuliza, "Umewapa maji?" Riziki hujibu, "Nimewapa," huku anafunga kamba za viatu.

Ikafika Novemba, joto likakatika. Kwa Doha huo ndio wakati wa kupanda, na Riziki akapanda mchicha na bamia kando ya ukuta. Jumapili jioni mama akasema, "Alhamdulillahi, sasa tutalala madirisha wazi," akazima kiyoyozi. Beseni nani alikumbuke? Kuku wakawa wanakunywa vidimbwi vya bustani, na wakishakunywa wanaonja mchicha.

Jumanne Riziki alikuta tuta zima limechimbuliwa, miche miguu juu.

"Haya, wezi wakubwa!" alifoka. "Hamtoki tena!" Akawafungia bandani.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na yai hata moja. Kuku walikuwa wamesimama midomo wazi, mbawa zimelegea.

"Mbona hawa wamepooza hivi?" mama aliuliza. "Maji umewapa?"

"Nimewapa, mama," Riziki alijibu, akakimbilia basi la shule.

Darasani, mwalimu alinyoosha mkono akazima kiyoyozi. Kikanguruma mara moja, kikanyamaza. Riziki akashtuka. Kiyoyozi! Beseni! Tangu Jumapili!

Kuanzia hapo hakutulia. Alidondosha kalamu, akaiokota, akaidondosha tena. Aliitazama saa ya ukutani mpaka akaona kama imesimama.

"Wewe umekalia siafu?" Shiru, jirani yao Mkenya aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza.

"Kuku wangu wanaumwa."

"Si umwambie mama yangu? Yeye ni nesi."

"Nesi wa watu, Shiru!"

"Kwani kuku hana tumbo?"

Basi la shule siku hiyo lilikwenda kama lina mguu mbovu. Riziki aliposhuka alikimbia, mkoba unampiga mgongoni. Alipoingia uani, alimkuta baba ameshika kisu, na mama ameshika ndoo ya maji ya moto ya kunyonyolea manyoya.

"Usikaribie, mwanangu," baba alisema. "Hiki ni kideri. Kikimshika mmoja huwamaliza wote. Bora tuwachinje wangali hai. Wakifa wenyewe ni mizoga, hawaliwi."

"Wote, baba?"

"Wote. Tena leo hii."

Riziki angesema, mama angejua kuwa amedanganywa. Asiposema, kisu kilikuwa kile. Alisogea kulia, akarudi kushoto, kama yeye ndiye kuku anayetafutwa.

Mama Shiru, akiwa bado na sare yake ya hospitali, alikuja akifuatwa na Shiru.

"Ngoja kidogo, Baba Riziki. Wacha nione kwanza." Alimshika kuku mmoja mwekundu, akamfungua mdomo, akamminya kifuko cha shingoni. "Aki, huyu mdomo wake umekauka kabisa! Hawa kuku walipewa maji lini?"

Mama akamtazama Riziki. Riziki akatazama miguu yake, kisha akageuka, akakimbia bombani, akarudi na sufuria limejaa, maji yanamwagikia sketi yake. Kuku wakaanguka juu ya sufuria. Walichovya midomo, wakainua shingo, wakachovya tena. Yule mwekundu, aliyekuwa hawezi kusimama, alinyweshwa kwa mkono na Mama Shiru, kidogo kidogo, na kabla ya magharibi alikuwa anapekua vumbi.

Baba alikirudisha kisu jikoni. Mama akashusha pumzi.

"Pengine beseni walilipindua wenyewe," alisema. "Riziki huwapa maji kila siku. Au lilivuja?"

Mlango huo ulikuwa wazi. Riziki angeitikia tu "pengine," na mambo yangeishia hapo. Lakini moyo haukumtulia hata kidogo.

Baba alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Riziki," alisema taratibu, "leo nilikuwa nichinje kuku watano wazima kwa sababu niliamini neno moja: 'nimewapa.' Ukisahau kazi, sema umesahau. Tutakugombeza, kisha tutasaidiana. Lakini ukisema umefanya na hukufanya, unatufunga macho sisi, na anayeumia ni asiyeweza kusema. Mnyama hana mdomo wa kuomba. Mdomo wake ni wako wewe." "Sasa Mama Shiru ameuliza swali na hajajibiwa. Walipewa maji lini?"

Riziki akamtazama mama yake usoni.

"Mimi sijawapa hata siku moja tangu shule zifunguliwe," alisema. "Kiyoyozi ndicho kilichokuwa kinawapa."