Printa Isiyo na Unga

Mtu alikufa mchana kweupe ndani ya kontena la taka, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha wenzake hawafi.

Alikuwa msimamizi wa usalama wa kikosi kinachosafisha ofisi zilizohamwa. Wenye jengo walikuwa wameondoka. Kikosi kiliachiwa mabaki: meza, makabati, mazulia, dari za jasi. Taka nyepesi zilishushwa kwa bomba, yaani mapipa ya plastiki yasiyo na vitako, yamefungwa minyororo moja chini ya jingine, kutoka dirisha la ghorofa ya nne mpaka ndani ya kontena uani.

Inspekta alipanda ukingo wa kontena akachungulia. Marehemu alikuwa amelala kifudifudi juu ya vipande vya jasi. Kofia yake ngumu nyeupe ilikuwa imepasuka kama kifuu. Kando ya kichwa palikuwa na printa ya ofisi, moja ya zile nzito.

"Kofia haikumfaa," Inspekta alisema.

"Kofia ni ya kuzuia kokoto, afande," Sajini akajibu. Alikuwa mama wa makamo asiyepunguza maneno. "Hiyo imeshuka ghorofa nne."

Daktari wa polisi aliinuka akivua glavu. "Fuvu limebonyea. Hakuteseka."

Kontena zima lilikuwa jeupe kwa vumbi la jasi. Marehemu mweupe, printa nyeupe. Inspekta alilitazama jambo hilo bila kujua kwa nini linamkera.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo, kijana ambaye Inspekta mwenyewe alimfundisha kuandika maelezo ya shahidi. Siku hizi nyota za begani zilikuwa zake.

"Mzee wangu, hiyo ni ajali ya uzembe. Aliyekuwa zamu kwenye bomba mlete, afunguliwe mashtaka leo. Usiizungushe."

"Sawa, mkuu," Inspekta akasema. Neno la mwisho lilimkwaruza koo, kama linavyomkwaruza kila siku.

Aliyekuwa zamu walimwita Mrefu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo, pingu mkononi, magoti yakikaribia masikio.

"Kanuni yenu ikoje mtu akiingia kontenani?"

"Anapiga filimbi mara mbili. Mimi nashusha ubao mwekundu kwenye mdomo wa bomba, nasukuma komeo. Hatupi mtu chochote mpaka apige tena."

"Leo alipiga?"

"Alipiga. Mbao zilikwama chini ya bomba. Nikamwambia bosi, ngoja nishuke mimi. Akasema hapana, penye hatari anatangulia yeye."

"Ukafunga?"

"Nikafunga. Muda wa kula ulikuwa umefika, nikashuka na wenzangu."

"Ubao tumeukuta wazi."

"Basi kuna aliyeufungua."

"Nani?"

"Ningemjua ningekaa hapa nimefungwa kama mbuzi wa mnada?" Mrefu aliinamisha kichwa. "Afande, mke wangu yuko wodi ya wazazi tangu jana. Mkinipeleka ndani, nani atampokea na mtoto?"

Inspekta alitazama saa yake. Alijua tu kwamba jioni ikifika bila jina lingine, huyu ndiye atakayelala rumande.

Walipanda juu. Printa zilikuwa zimepangwa ukutani. Inspekta aliinamisha moja apime uzito wake. Unga mweusi ukamwagika kutoka tumboni mwa mashine, ukamjaa mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko.

"Usiinamishe, afande," akasema mfanyakazi mmoja mnene, amechelewa kama kawaida ya maonyo. "Ndani mna katriji ya unga wa wino. Ikipasuka, ule unga ni balaa. Unaingia mapafuni, na ukikutana na cheche unawaka. Ndiyo maana printa hatupitishi bombani hata siku moja. Zinabebwa kwa ngazi mpaka kwenye lori, na kabla ya hapo Mjomba anazitoa unga."

"Mjomba ndiye nani?"

"Mkongwe wetu. Sisi wengine haturuhusiwi kuzigusa katriji."

Sajini alicheka kidogo akilitazama shati. "Mama watoto atakuuliza umetoka kuuza makaa wapi."

Inspekta hakucheka. Aliutazama mkono wake mweusi, kisha akachungulia dirishani, kule chini palipokuwa peupe pe.

"Sajini, shuka ufungue tumbo la ile printa."

Alirudi akihema. "Tupu. Hamna katriji."

Katika kona palikuwa na mfuko mnene wa manjano wa taka za hatari. Inspekta alivaa glavu, akaufungua. Ndani mlikuwa na katriji moja tu, imeviringishwa gazeti na kubanwa utepe wa gundi, nadhifu kama zawadi.

Mjomba aliletwa. Mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, kofia yake ya njano imepauka mpaka imekuwa rangi ya maziwa yaliyochacha.

"Wewe na marehemu mnajuana vipi?"

"Tumeoa mtu na dada yake. Mimi mkubwa, yeye mdogo."

"Pole sana."

"Ndiyo dunia."

"Wakati wa kula ulikuwa wapi?"

"Nimelala kwenye lori."

"Nani alikuona?"

"Mtu akilala anajuaje nani kamwona?"

"Kazi ya kutoa katriji umefikia wapi?"

"Bado sijaanza. Kesho."

Inspekta aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo halikumhusu. Akawakusanya wote wanne waliobaki, akamfungua Mrefu pingu. Uani hapakuwa na mtu; askari walikuwa wameshazungushia utepe na mwili ulikuwa umeondolewa.

"Nataka kujua printa inaangukaje," akasema. "Kila mmoja achukue moja ukutani, aipeleke mpaka bombani. Msitupe, niiteni kwanza. Mimi si fundi, nifundisheni."

Mrefu alianza. Aliikumbatia printa, akaibeba mpaka dirishani, unga ukimchafua kifua. Mnene akafuata hivyo hivyo, akitukana chini kwa chini. Wa tatu naye.

Ikaja zamu ya Mjomba. Alishika printa yake akaiweka juu ya meza. Akapandisha barakoa kutoka shingoni. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha pembeni, mlango ukafunguka, katriji ikatoka. Aliichukua karatasi ya gazeti kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akaviringisha, akakata utepe wa gundi kwa meno chini ya barakoa, akaitia katriji kwenye mfuko wa manjano. Kisha akainama kwa magoti, mgongo wima, akainua printa.

Alikuwa katikati ya chumba alipogundua kwamba hakuna anayezungumza.

Akawatazama. Akautazama mfuko. Akaiweka printa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mikono hii," akasema.

"Iliyotupwa kontenani nayo ilitolewa katriji kwanza," Inspekta alisema. "Mwenye haraka ya kuua angeitupa na unga wake. Mwenye kuteleza hali kadhalika. Ni wewe tu ungetulia ufuate kanuni."

"Miaka kumi na tisa nazitoa. Hata sikumbuki kama niliitoa."

"Kwa nini, Mjomba?" Mrefu aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira bado.

Mjomba alikaa juu ya meza. Barakoa aliisahau mdomoni, ikawa inaingia na kutoka anaposema.

"Nilimleta mimi. Alikuja hapa hajui hata kuinua kabati. Nilimwonyesha: inua kwa miguu, mgongo uache. Mwaka haujaisha, kofia nyeupe ya msimamizi akapewa yeye. Nikasema haya, kijana amesoma. Nikavumilia. Lakini twende ukweni. Zamani nikiingia, baba mkwe anasimama. Siku hizi nikiingia ananiuliza, mwenzako yuko wapi? Nikiwa mimi hapo hapo, nimeketi mbele yake. Mke wangu hanisemi, hapana. Angenisema ningejitetea. Anamtazama tu mdogo wake anavyofunguliwa mlango wa gari. Anatazama, halafu anarudi kukuna nazi."

"Na leo?"

"Leo asubuhi, mbele ya hawa, aliniambia, 'Wewe mzee, funga mkanda wa kofia.' Nyumbani ananiita kaka. Hapa nimekuwa wewe mzee. Wakacheka."

"Mkanda ulikuwa umefungwa?" Sajini aliuliza.

Mjomba aliugusa mkanda wa kofia yake.

"Haukufungwa. Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mwonevu ningemsamehe. Kila kitu alikuwa na haki nacho." Akavuta barakoa chini. "Nikasikia filimbi mbili. Watu wakashuka. Nikapanda. Nilitaka aondoke machoni pangu tu, basi."

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe. Alipokuwa akiandika maelezo alifikiria neno "mkuu" na koo lake mwenyewe, akaandika polepole kuliko kawaida. Kisha akampigia mkuu wa kituo.

"Si uzembe. Ni mauaji. Nimempata na amekiri."

"Hongera, mzee wangu. Ningeharibu."

"Ungeharibu," Inspekta alisema. Akakata simu.

Mrefu alifika wodini kabla ya giza. Alikuta mtoto wa kike, na mama yake mzima. Kazi hakuwa nayo tena: wenye jengo walivunja mkataba siku ile ile, na kikosi kizima kikarudishwa nyumbani.

Hesabu yake ni hii. Mmoja kaburini. Mmoja kifungo cha maisha. Watatu hawana kazi. Dada wawili wa tumbo moja: mmoja mjane, mwingine mke wa aliyemfanya mwenzake mjane, na msibani ilibidi mkubwa akae nje ya ua. Watoto watano, mabinamu waliokuwa wakilala kitanda kimoja likizo, sasa hawapelekwi kuonana. Na babu yao hana mkwe hata mmoja wa kumzika.